Wifi Halii Mbele za Watu

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Liko pale njia panda kwa sababu Bi Birika aliweka jiko lake la kahawa pale, na Bi Birika aliliweka pale kwa sababu kibanda cha Kinyozi kinatoa kivuli asubuhi, na Kinyozi alijenga kibanda chake pale kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna kichwa kinachopita njia panda ile bila kupunguza mwendo. Wanaoukalia ubao huo ni walewale kila siku. Kuna Waya, fundi umeme, ambaye kwake hakuna tatizo duniani lisiloanzia kwenye shoti. Kuna Refa, aliyechezesha mpira mpaka magoti yakamstaafisha, lakini filimbi bado anaivaa shingoni kama watu wengine wanavyovaa saa. Na ng'ambo ya barabara, mkabala na benchi, kuna geti la bati la kijani, na nyuma ya geti anaishi mtu wanayemwita Ratili, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani, akipita madukani na mawe yake ya shaba kwenye sanduku, akiwaambia watu kwa sauti ya upole kwamba kilo yao si kilo.

Nyuma ya geti kuna gari pia.

Gari hilo ni la porini, la magurudumu makubwa na mgongo mrefu, na Ratili alikuwa nalo kabla hajaoa. Mkewe alipofika nyumbani kwa mara ya kwanza, alilizunguka, akalipiga teke tairi, akasema: “Kumbe nimekukuta unaishi na dada yako. Haya, basi huyu ni wifi yangu, na dalili zote za wifi anazo.” Tangu siku hiyo gari likaitwa Wifi, na mtaa mzima ukalizoea jina. Wifi leo amegoma. Wifi ana kiu. Wifi kanuna. Mkewe mtaa ulimwita Mama Miche, kwa ajili ya bustani yake ya miche nyuma ya nyumba. Ndiye aliyekuwa akigombana na Wifi, ndiye aliyekuwa akilala chini yake kumpaka grisi, na ndiye aliyekuwa akimwendesha kwenye njia mbovu ya mlimani mpaka kwenye shamba lao la juu. Ratili alikaa kiti cha pembeni, miche mapajani, akiishika isilale.

Mama Miche alifariki kabla ya mvua. Sasa mvua imekuja. Miche aliyoiotesha yeye imesimama mistari mistari kwenye vifuko vyake vyeusi vya plastiki, mizizi imeshatoboa vifuko, inatafuta ardhi. Isipopanda mlimani wiki hii, itakauka hapo hapo ilipo. Ratili alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi tangu mvua ianze alimwasha Wifi kabla ya kupakia, akamtoa mpaka nje ya geti, akasikia *ko!* chini ya miguu yake, akamrudisha ndani. Gari linalogonga hivyo, aliwaambia watu wa benchi, si la kupandia mlima.

Asubuhi ya leo, kabla hajamrudisha, Refa alipiga filimbi.

— Simama hapo hapo! Bwana Ratili, hiyo ko ni ya jana, au mpya?

Ratili alizima injini, akashuka, akafunga mlango taratibu.

— Ni ile ile. Nikiachia klachi, ko. Nikisimama, ko. Nikitoka mbele kwenda rivasi, ko.

— Inatoka wapi?

— Chini.

— Chini ni pakubwa, mzee wangu.

Kinyozi akachomoza kibandani na mashine ya kunyolea mkononi, ingali inanguruma. Nyuma yake akatoka mteja, mtu mzima aliyehamia mtaani juzijuzi, shuka la kinyozi limefungwa shingoni. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umemalizika, unang'aa. Upande wa kushoto ulikuwa bado na nywele zake zote.

— Samahani, — akasema mteja, — mimi nawahi kupiga picha ya kitambulisho.

— Sasa hivi tu, — Kinyozi akamjibu bila kumtazama. — Hapa kuna mgonjwa. Wewe ni mzima, umepungukiwa upande tu.

— Hiyo ni shoti, — akasema Waya kutoka kwenye ubao.

— Shoti gani inayogonga?

— Nyie hamjasoma umeme. Umeme unakwenda, sharti urudi. Ukikosa waya wa kurudia, unarudi kwa miguu. Hiyo *ko* ni hatua ya umeme.

— Unavaa viatu gani huo umeme? — akauliza Bi Birika, akipuliza makaa.

— Cheka tu, mama. Siku ukipigwa nao utaniita.

Refa akatikisa kichwa kwa huruma.

— Mimi nimesimama katikati ya uwanja miaka na miaka, najua mlio wa rafu. Gia ya pili inamchezea rafu gia ya kwanza. Kwa nyuma, bila mpira. Unapoachia klachi, gia ya kwanza anakimbia, huyu anamgonga kisigino: *ko!* Na dereva kule juu anatazama barabara, haoni kitu.

— Na rivasi je?

— Rivasi ni mchezaji wa akiba. Anaingia na hasira.

— Hamna masikio, — akasema Kinyozi. — Huyo ni panya.

Hata Bi Birika aliacha kupuliza.

— Panya agonge ko? — akauliza Waya.

— Nani kasema panya ndiye anayegonga? Linalogonga ni kabati la panya. Sikilizeni. Gari limekaa ndani muda mrefu. Panya kaona nyumba tupu, kahamia. Panya wa sasa hahamii mikono mitupu, kaleta vyombo. Gari likiondoka, kabati linateleza nyuma, linapiga ukuta: *ko.* Gari likisimama, kabati linarudi mbele: *ko.* Kwenda na kurudi. Nani mwingine hapa aliyewaeleza kwa nini mlio unatokea gari likiondoka na tena likisimama?

Ratili alikuwa mtu wa kungoja sindano ya mizani itulie kabla ya kusema neno. Alishika kikombe alichopewa, akafikiri, na kwa mshangao wake mwenyewe akaona kwamba kati ya hoja zote tatu, ya kabati ndiyo iliyokuwa na akili.

— Shemeji, kunywa, — akasema Bi Birika. Yeye na Mama Miche walikuwa marafiki wa kuazimana sufuria, na hakuwahi kumwita Ratili jina lingine. — Wifi hajawahi kufa kahawa ikiwa bado moto.

— Hapa hatuwezi kutoa uamuzi, — akasema Refa, akisimama na kujishika magoti. — Tukio lazima liangaliwe kwa karibu. Twendeni ndani ya gari.

— Nani na nani?

— Wote. Mimi nasikiliza kushoto, Waya kulia, Kinyozi katikati na panya wake.

Kinyozi alikuwa mtu wa mwili, na katikati ikawa yeye peke yake, pembeni kukabaki pa kubanana. Mteja, aliyeogopa kupoteza kinyozi kuliko alivyoogopa kuchelewa, akapanda nyuma kabisa na shuka lake. Ratili akawasha, akaachia klachi. Wote wakashika pumzi.

Hakuna kitu.

Akaenda mpaka kona, akasimama. Hakuna kitu. Akatia rivasi, akarudi. Wifi akateleza kama kijiko ndani ya uji.

— Amepona! — akapiga kelele Waya. — Shoti imeona fundi, imekimbia!

— Nimemwonyesha kadi ya njano bila yeye kujua, — akasema Refa.

Wakashuka kwa vicheko, wakapeana mikono, wakarudi kwenye ubao. Ratili akabaki kwenye usukani ili asogeze gari kando ya barabara. Akaachia klachi.

*Ko!*

Ubao mzima ukasimama.

— Rudini ndani! — akaamuru Refa.

Wakarudi ndani. Kimya. Wakashuka. *Ko!* Wakapanda tena, safari hii Waya akiwa amefumba macho kabisa ili asikie vizuri, na Kinyozi amemziba mteja mdomo kwa sababu alikuwa anapumua kwa sauti. Kimya kama cha mochwari. Wakashuka. *Ko!* Watu waliokuwa wakipita walianza kusimama kutazama gari linalopakia na kushusha abiria walewale mahali palepale, mmoja wao akiwa na nusu ya nywele.

— Jamani, — akasema Kinyozi akihema, — nimeelewa. Huyu Wifi ana haya. Halii mbele za watu.

— Ana adabu, — akakubali Waya. — Anangoja wageni waondoke.

— Ndivyo alivyomfanyia Mama Miche siku zote, — akasema Bi Birika. — Mbele yetu mtulivu, wakibaki wawili, vita.

Wakacheka, na Ratili akacheka nao, na kicheko hicho kilimpata bila kutarajia, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akakiacha kipite. Kisha akaweka kikombe chini, kwa sababu jambo fulani lilikuwa limetulia kichwani mwake kama sindano.

— Kilichobadilika ni kimoja tu, — akasema.

— Haya?

— Uzito.

Wakamtazama.

— Barabara ni ileile. Dereva ni yuleyule. Gari likiwa na ninyi, kimya. Likiwa na mimi peke yangu, linagonga. Tofauti ni uzito wenu. Sasa tutaupima. Pandeni wote tena, halafu nitawashusha mmoja mmoja.

— Mzee, — akasema Refa, — sisi tumekuwa mawe ya mizani?

— Mawe mazuri. Hamjakaguliwa tu.

Zoezi hilo lilivunja heshima za watu wengi. Aliposhushwa mteja, Wifi alikaa kimya, na Waya akasema huyo kapungua kwa sababu ya nywele. Aliposhushwa Refa, Wifi alikaa kimya vilevile.

— Yaani mimi sina uzito? — akauliza Refa kutoka barabarani. — Mimi niliyesimamisha mechi kwa jicho?

— Jicho halina kilo, bwana. Kaa pembeni.

Aliposhushwa Waya, kukasikika kitu kidogo chini, kama mtu anayegonga mlango akiwa hana hakika na nyumba. Aliposhushwa Kinyozi, *ko!* ile yenyewe ikarudi na nguvu zake zote, na kwa fujo zote zile za kijiwe, hapakuwa tena na ubishi: jiwe kuu lilikuwa Kinyozi.

— Nimedhalilishwa, — akasema Kinyozi, lakini alisimama kifua mbele.

— Nyuma ya gari ikishuka kwa uzito, mlio unakwisha, — akasema Ratili. — Nyuma ikiinuka, unarudi. Kwa hiyo kuna kitu kinachobadilisha mkao wake nyuma inapopanda na kushuka. Hicho ndicho tunachokitafuta.

— Kabati, — akanong'ona Kinyozi.

Wakamwingiza Wifi ndani ya geti, penye sakafu ya saruji iliyonyooka, kando ya mistari ya miche. Ratili aliweka jiwe mbele na nyuma ya kila gurudumu, kwa kuwa alitaka gia iwe huru na hakutaka kulala chini ya gari linaloshikiliwa na maneno. Refa akapewa kazi ya kulinda mawe. Alisimama juu ya mojawapo, filimbi mdomoni.

Ratili akatandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini. Kutoka pale aliiona mitaa yote ya tumbo la Wifi: sanduku la gia, na kutoka hapo propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu nyuma mpaka kwenye difu katikati ya magurudumu. Aliona pia miguu ya watu.

— Unaona waya wowote uliovuliwa nguo? — ikauliza miguu ya Waya.

— Sioni.

— Tazama kwa moyo.

Alianza mahali ambapo kila mtu angeanza. Kila mwisho wa propela una krosi, kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu ijipinde, na krosi ikilika, hugonga. Akalishika bomba kwa mikono miwili, akalizungusha kwa nguvu huku na huku. Krosi ya mbele ilikaa imara. Ya nyuma, imara. Difu ilicheza kidogo tu, kwa kiasi ambacho difu yoyote hucheza. Akajaribu nati za kufungia propela kwa spana. Moja ilikubali robo ya mzunguko, akaikaza, lakini hakuamini kwamba robo hiyo ndiyo iliyomsumbua asubuhi zote hizo.

— Gia ya pili inasemaje? — akauliza Refa.

— Anakana mashtaka.

— Wote husema hivyo.

Kisha akalitazama bomba lenyewe. Kumbe si bomba moja. Karibu na sanduku la gia, bomba moja linaingia ndani ya jingine, na yanashikana kwa meno marefu, yakiteleza ndani na nje kila springi za nyuma zinapopanda na kushuka. Akapitisha kidole pale penye maungio. Kidole kikatoka na unga mkavu wa rangi ya kutu.

Akalala akikitazama kile kidole.

— Mzee? — akaita Waya. — Kimya chako kinatutisha.

— Nimekiona. Kuna bomba linaloteleza ndani ya bomba. Limekauka. Watu wakipanda, nyuma inashuka, linasogea mpaka mahali palipobaki na grisi kidogo ya zamani, linateleza vizuri. Watu wakishuka, linarudi pakavu, linang'ang'ania. Nikiachia klachi, linang'oka kwa kishindo. Nikisimama, linarudi kwa kishindo.

Juu, watu wakaanza kuhesabu nani kashinda.

— Ngoja, — akasema Kinyozi polepole. — Kuna kitu kinateleza kwenda. Halafu kinateleza kurudi.

— Ndiyo.

— Kinapiga ukuta.

— Unaweza kusema hivyo.

— Kabati! — Kinyozi akaruka juu, na saruji ikajua kwamba ameruka. — Kabati! Nilisema nini? Nilisema nini, mimi, mnyoa vichwa? Andikeni mahali!

— Panya yuko wapi? — akapinga Waya.

— Panya kahama, kaacha kabati! Mwenye nyumba hapaswi kumjua kila mpangaji!

Refa alipiga filimbi kukubali goli. Mteja, ambaye alikuwa hajui aingie upande gani, alipiga makofi ndani ya shuka.

Pampu ya grisi ilikuwa stoo, imetundikwa kwenye msumari wake. Ratili aliishusha. Mkono wa pampu ulikuwa umezungushiwa kipande cha kanga, kimekazwa kwa fundo dogo, ili usiteleze kwenye kiganja kidogo kuliko chake. Alisimama nayo stoo kwa muda ambao watu wa nje walidhani anatafuta kitu. Kisha akarudi, akalala kwenye gunia, akakwangua kwa msumari tope lililoganda juu ya kitundu cha kuingizia grisi, akabana mdomo wa pampu pale, akaanza. Mwanzoni mkono ulikataa. Halafu ukakubali, na kule mwisho wa maungio ikatoka kwanza kutu, kisha maji machafu, kisha grisi ya zamani nyeusi, kisha mpya, safi, nene kama asali. Hakuufungua ule mkanda wa kanga. Alishika juu yake.

— Sasa, — akasema alipotoka akijifuta, — napima peke yangu. Wote rudini ubaoni.

Mteja, mwenye haraka zake, alikuwa ameshatoka mpaka kona kuangalia kama duka la picha limefunguliwa. Wengine walikaa ubaoni kwa nidhamu isiyo ya kawaida yao. Ratili akaondoa mawe, akawasha, akaachia klachi.

Hakuna kitu.

Akaenda mpaka kona, akasimama. Hakuna kitu. Akatia rivasi, akatoka, akasimama, akaondoka tena kwa makusudi, kwa ubaya, kama dereva mlevi. Wifi hakusema neno. Ratili akazima injini, akakaa na mikono juu ya usukani. Kiti cha pembeni kilikuwa na vumbi. Mbele, juu ya mapaa, ulionekana mlima, umeoshwa na mvua, na mstari mwekundu wa njia ukiupanda.

Basi hakukuwa na kilichobaki isipokuwa kupakia.

Akamrudisha Wifi mpaka mbele ya benchi, akashuka.

— Vipi? — wakauliza wote kwa pamoja.

Ratili akafunga mlango taratibu.

— Bado, — akasema. — Bado linagonga. Kidogo. Nadhani tumwache kwanza, tutazame kesho.

Wakati huo mteja akawa amefika kutoka kona, anahema, nusu ya nywele zimesimama kwa upepo.

— Samahani, mzee, — akasema kwa adabu, kama mtu anayetaka kujifunza, — limegonga wapi? Mimi nilikuwa pale pale kona. Umepita mbele yangu, umesimama, umerudi nyuma, umeondoka. Sijasikia kitu.

Lilikuwa swali dogo. Refa alitia filimbi mdomoni, akaitoa. Waya alitazama ndani ya kikombe chake kama anayesoma mita. Kinyozi, ambaye siku zote alikuwa na jibu hata kabla ya swali, alikuwa akilitazama geti lililoachwa wazi na mistari ya miche nyuma yake. Kisha akakitazama kile kiti cha pembeni chenye vumbi. Ratili alisimama na ufunguo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu awajue, hakuweza kuwatazama usoni.

— Wewe una nywele zimeziba sikio moja, — Kinyozi akamgeukia mteja kwa ukali. — Utasikiaje? Mimi nimeisikia.

— Umesikia? — akauliza Ratili.

— Wazi kabisa. Vyombo vya panya. Kabati limetulia, lakini sahani bado.

Waya alimtazama Kinyozi, akamtazama Ratili, akaelewa, akasimama.

— Hata mimi nimeisikia. Ko nyembamba. Ya volti ndogo.

— Ko ya mbali, — akaunga mkono Refa. — Hiyo huwa haitokei hapa mtaani. Inatokea mlimani. Tena kwenye mteremko. Mechi ya ugenini.

— Na dawa yake tunaijua, — akasema Kinyozi.

— Uzito, — akasema Waya.

— Uzito! — akasema Refa, akapiga filimbi. — Huyu Wifi hawezi kuachwa kupanda kule mtupu. Ni hatari kwa umma.

— Ile miche yenyewe ni uzito, — akasema mteja.

— Miche ni uzito wa mtu mmoja mwembamba, — akasema Ratili. — Nimeshaikadiria.

— Unaona? Haitoshi! — Kinyozi akapiga kifua. — Jiwe kuu ni mimi, mkaguzi mwenyewe kasema.

Bi Birika hakuwa ameingia kwenye mabishano hayo. Alikuwa akimimina. Aliinua birika juu ya chupa ya chai, akalikamua mpaka tone la mwisho, akafunga kizibo, akamwagia maji makaa. Moshi ukapanda.

— Kahawa imekwisha, — akatangaza.

— Imekwishaje, mama, nimeiona inaingia kwenye chupa! — akalalamika Waya.

— Hapa imekwisha. Iliyobaki inapanda mlimani. Anayeitaka aifuate.

Hakungoja jibu. Alivuka barabara, akaingia getini, akatoka na kikapu cha miche kwapani, akaufungua mlango wa mbele, akapangusa vumbi la kiti cha pembeni kwa upindo wa kanga yake, akakaa.

— Shemeji, — akaita. — Hiki ndicho kiti cha kushikia miche?

Ratili akamtazama.

— Ndicho, — akasema. — Ishike shinani. Kwenye kona ya kwanza huwa inalala upande wako.

Walipakia kwa fujo. Refa alipanga miche kwa safu za ulinzi na ushambuliaji, Waya akaipangua kwa hofu kwamba majani yatagusana. Kila mtu aliyepanda akapewa mche mapajani, na Kinyozi akapewa mitatu, kwa kuwa mapaja yake yalikuwa na nafasi.

— Na picha yangu? — akauliza mteja kutoka barabarani, shuka lingali shingoni.

Kinyozi akagonga mfuko wa shati lake. Mkasi na kitana vikalia humo ndani.

— Kitambulisho gani cha nusu mtu? Panda. Upande wa kushoto nitaumalizia juu kule, penye hewa. Shika mche huu.

Mteja akatazama kona, akatazama gari, akapanda.

Ratili akaachia klachi. Wifi akaondoka, akapita kibanda, akapita benchi lililobaki tupu kwa mara ya kwanza mchana kweupe, akaupata mstari mwekundu wa njia. Kwenye mwinuko wa kwanza ilibidi Ratili abadilishe gia. Alipobadilisha, aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyozoea, kusikiliza chini. Nyuma yake Kinyozi alikuwa akiapa kwamba panya wa mlimani hutembea na vitanda, Waya akimwambia kitanda hakiwezi kupita kwenye bomba, Refa akitaka wote wawili watolewe nje, na mteja akiuliza kama kuna mtu yeyote humo ndani anayeona kitu kwa macho yake, maana shuka lilikuwa limempeperukia usoni.

— Mmesikia? — akauliza Ratili.

— Tumesikia! — wakajibu wote, bila hata mmoja kunyamaza.